Herufi Tatu za Mwanzo

Kochi lile Fundi alilitengeneza mwenyewe, ubao kwa ubao, msumari kwa msumari, lakini Jumapili hiyo mchana lilimshinda kulikalia. Aliketi, akasimama. Alisogeza pazia, akalirudisha palepale lilipokuwa. Akapuliza vumbi juu ya deki ya kuchezea filamu, vumbi ambalo halikuwepo, maana alikwisha kulipuliza tangu asubuhi.

"Baba, utaitoboa sakafu," binti yake alimwambia kutoka jikoni. "Mgeni wako akija atatumbukia."

"Sitembei. Nanyoosha miguu."

"Miguu gani hiyo isiyonyooka?"

Neno "mgeni" lilimchoma Fundi kama msumari uliotokeza kwenye kiti. Mwanamke huyo alikuwa amekuja nyumbani hapo mara nyingi mno. Alijua kikombe kipi mkono wake umelegea, na mlango upi hautaki kufunguka mpaka uusukume kwa bega. Lakini kwa binti alikuwa mgeni tu. Na binti mwenyewe alikuwa keshia, mtu wa watu; huko dukani kila mteja alikuwa mama, shangazi au kaka. Ni kwa huyu mmoja tu ulimi wake ulipoishiwa majina.

Kule kazini kwao, karakana nzima ilimwita mwanamke huyo Sindano. Kazi yake ilikuwa kushona vitambaa vya makochi ambayo Fundi aliyaunda, lakini jina hakulipata kwa cherehani, alilipata kwa mdomo. Fundi naye karakana ilimpa lake. Walimwita Meneja, na hilo lina kisa chake.

Kila Jumatatu, wakati wa chai, aliwasimulia wenzake filamu alizotazama mwisho wa juma. Alipenda filamu za nchi za mbali, zile ambazo watu hukaa mezani wakinyamaziana mpaka mtazamaji anasikia saa ya ukutani. Tatizo lilikuwa maandishi ya chini. Shule aliiacha mapema. Kusoma alijua, ila kusoma kwake kulikuwa kwa kutembea, na maandishi ya chini hukimbia. Akishika herufi ya kwanza na ya pili, sentensi nzima imeshajiondokea na nyingine imekaa mahali pake. Zamani mkewe ndiye aliyemsomea, mdomo sikioni. Mke alipofariki, akabaki anatazama nyuso na kujitungia maneno.

Na katika filamu zote alizojitungia, mkosaji alikuwa mmoja. Bwana harusi katoroka? Meneja wake alimnyima ruhusa ya harusi. Mtoto kapotea? Mkuu wa kituo alikuwa amelala. Meli imezama? "Nahodha hana kosa, jamani," angesema akitikisa kikombe. "Kuna mkubwa mmoja yuko ofisini, anakunywa kahawa." Wenzake walicheka mpaka chai ikawatoka puani, wakambatiza Meneja.

Walicheka, lakini walijua. Mkewe alipoanza kuumwa, mashine ya kumpimia ilikuwepo, imefunikwa shuka safi kama bibi harusi. Ufunguo wa chumba alikuwa nao mkubwa, na mkubwa alikuwa kikaoni. "Subirini," waliambiwa. Wakasubiri kwenye benchi. Walirudi tena, wakaambiwa subirini. Wakubwa hawajui kwamba ugonjwa haukai benchini. Siku chumba kilipofunguliwa, mashine iliwaambia tu kile ambacho macho yalikwisha kuona. Tangu hapo neno "subiri" lilimtapisha Fundi. Akiambiwa dukani subiri, anaacha bidhaa kwenye kaunta na kuondoka zake.

Sindano ndiye aliyemgundua. Jumatatu moja alimwacha amalize kusimulia, watu wakacheka, wakarudi kazini. Walipobaki wawili, akamwambia polepole, akiwa na pini mdomoni:

"Meneja, filamu hiyo nami nimeiona. Yule mzee hakufukuzwa kazi. Alikufa. Pale mwisho wanamzika."

"Si walikuwa bustanini?"

"Bustanini, wote wamevaa nyeusi?"

Fundi aliona masikio yake yanapata moto. Alisubiri kicheko, lakini hakikuja. Sindano alitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa.

"Jumapili nije nikusomee?" aliuliza. "Nyumbani kwangu runinga imekufa. Unanisaidia kutazama, nakusaidia kusoma. Hakuna anayemdai mwenzake."

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili baada ya Jumapili walikaa kwenye kochi lile, yeye ncha hii na Sindano ncha ile, na mto mmoja katikati kama polisi wa mpakani. Sindano alisoma kwa sauti zote: ya mzee ikawa nzito, ya mtoto ikawa nyembamba, na ya mwanamume mwongo akaisoma kwa pua. Filamu ikiisha waligombana.

"Yule baba ana kiburi," Fundi alisema juma lile walipotazama ya mzee aliyekataa kula mpaka mwanawe agonge mlango. "Na mtoto naye amecheleweshwa na bosi wake tu."

"Hana kiburi. Anaogopa. Akila peke yake atakuwa amekubali kwamba mtoto haji."

Fundi alitembea siku nzima na maneno hayo. Akiwa kazini, nyundo mkononi, alijikuta amesimama. Kumbe mtu anaweza kukataa chakula kwa hofu. Kumbe yeye mwenyewe…

"Wewe ukitazama filamu unatafuta wa kumshtaki," Sindano alimwambia siku nyingine. "Mimi natafuta wa kumhurumia. Ndiyo maana tunatoka na filamu mbili tofauti."

Na katika kugombana huko, mto ulihama. Hakuna aliyeona nani aliuhamisha.

Jumapili hii mlango ulisukumwa kwa bega. Sindano aliingia, na Fundi aliyekuwa anamngoja tangu asubuhi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Umepoteza nini?"

"Hakuna. Karibu. Keti."

Alikuwa amevaa gauni la bluu, lile la kola, ambalo hakuwahi kulivaa kazini. Fundi alilitazama, akatazama pembeni, akalitazama tena. Macho yao yakagongana njiani, na yote yakaomba radhi kwa kushuka chini. Sindano hakuketi mara moja. Aliuweka mkoba wake sakafuni. Ulikuwa mkubwa, si ule wa kila siku.

"Kaka yangu amepiga simu tena," alisema.

Fundi alijua habari za kaka. Kaka alikuwa mji mwingine, ana karakana ya sare za shule, na alimtaka dada yake akaisimamie. Tangu Sindano aachike, kaka huyo hakupenda kumwona akikaa peke yake, na hakupenda zaidi kusikia kwamba Jumapili zake zinaishia kwa mjane asiyesema anataka nini.

"Anasema nini?"

"Anasema basi la kesho asubuhi. Nguo nimeanza kupanga. Atapiga jioni hii apate jibu, na safari hii akisikia labda, anaajiri mtu mwingine."

"Utamjibu nini?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

Fundi alikwenda dirishani. Akasogeza pazia. Akalirudisha.

"Hilo pazia limekukosea nini?" Sindano aliuliza, lakini sauti haikuwa na mzaha. "Sikia, Fundi. Leo sitaki filamu mpya. Nataka ile."

"Ipi?"

"Unaijua. Kila tukimaliza filamu unasema nzuri, lakini haifikii ile. Ile mliyotazama na marehemu. Miezi yote hii tunakaa kwenye kochi hili watu watatu, na mmoja wetu simjui. Nionyeshe. Nijue nimekaa na nani."

Alitaka kukataa. Badala yake aliketi, na maneno yakamtoka kabla hajayachuja. Ilikuwa filamu ya mwisho kutazama na mkewe. Mume ni dereva wa basi, mke anaumwa, anapanda treni kwenda kutibiwa mbali. Pale stesheni, treni inaanza kutambaa, mke anasema neno moja dirishani.

"Nisubiri," Fundi alisema. "Anamwambia nisubiri. Basi, Sindano, mke wangu hakulisoma neno lile kama la filamu. Alinishika mkono, akaniangalia mimi, siyo runinga. Akasema, nisubiri. Kisha akasema imeisha, zima, nimechoka. Kabla ya mwezi kuandama tukamzika."

"Wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nitasubiri."

Sindano aliyashusha macho kwenye viganja vyake. Neno ambalo mtu huyu alilichukia kuliko yote ulimwenguni, kumbe kuna kinywa kimoja kilichoruhusiwa kulisema.

"Weka," alisema. "Tutazame."

Diski ilikuwa kwenye droo ya juu, imefungwa leso. Binti alikuja na sinia la chai filamu ikiwa imeshaanza. Aliona theluji kwenye runinga, basi jekundu likipanda mlima, na vikombe vikagongana kwenye sinia.

"Baba! Filamu zote zilizomo humu ndani, hii?"

"Mgeni ameiomba," Fundi alisema, na neno hilo likamwuma mdomoni mwake mwenyewe.

Binti alimtazama Sindano, akamtazama baba yake, akarudi jikoni bila kumimina chai. Alisimama nyuma ya mlango. Kivuli chake kilionekana.

Sindano alisoma. Alisoma mabishano ya mke na mume juu ya soksi zilizopotea, na Fundi akacheka mahali palepale alipowahi kuchekea. Alisoma daktari akizungukazunguka maneno. Fundi alinguruma, "Huyo ndiye," na Sindano akamgusa mkono, "Nyamaza, naye ana huruma, mwone macho." Kila asubuhi dereva aliweka vikombe viwili mezani kabla mkewe hajaamka. Halafu ikaja stesheni. Moshi, theluji, watu wenye makoti. Mwanamke alishusha kioo cha dirisha la treni. Fundi alishika ukingo wa kochi. Midomo ya mwanamke ikafunguka.

Sindano alifungua mdomo naye. Akaufunga.

"Soma," Fundi alisema.

"Usinisubiri," alisoma, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe.

"Umesema nini?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Usinisubiri."

Fundi alisimama kama aliyekalia moto. Akanyakua rimoti, akairudisha picha nyuma. Kioo kikashuka tena, midomo ikafunguka tena, maandishi yakaja na kukimbia kama kawaida yao, lakini macho ya Fundi yalidaka mkia.

"Subiri! Nimeiona mimi mwenyewe, ile pale, subiri!"

"Umeona mwisho wa neno, Fundi. Mwanzo wake je?"

"Mwanzo gani? Neno ni lilelile!"

"Isimamishe basi, usome mwenyewe."

Hapo ndipo alipokosea Sindano, na hakujua amekosea. Maana miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kusimamisha filamu kwa ajili ya maandishi. Kuisimamisha kungekuwa kukiri, mbele ya runinga na mbele ya watu, kwamba neno moja linamshinda mwendo.

"Unanidhihaki?" Fundi alisema. "Kwa kuwa sikusoma kama wewe? Unadhani sijui kinachoendelea? Umetaka filamu ya mke wangu, umeingia ndani yake, umelibadilisha neno lake lipendelee upande wako! Kesho una basi, leo marehemu ananiambia nisimsubiri. Inafaa sana!"

"Fundi."

"Binti! Njoo hapa."

Binti alitokea mlangoni akijifuta mikono iliyokuwa mikavu. Fundi aliirudisha picha tena. "Soma hapo. Wewe una macho ya kazi ya kaunta. Anasema nini?"

Maandishi yakaja, yakapita. Binti alimtazama baba yake, kisha picha ya mama yake ukutani. Hakumtazama Sindano.

"Nisubiri," alisema.

"Umesikia?" Fundi alisema, lakini furaha aliyoitarajia haikuja.

Sindano alimwangalia binti kwa muda. Angeweza kubishana, karakana nzima ilijua anavyoweza kubisha. Alichofanya ni kuinama na kuokota mkoba wake.

"Basi macho yangu yamechoka," alisema. "Samahani, mwanangu, chai yako sijaionja." Kisha akamgeukia Fundi. "Mimi sikuja kumtoa mtu kwenye kochi hili. Nilidhani litatosha. Kwaheri, Meneja."

Mlango ulimkatalia. Akausukuma kwa bega, akatoka.

Fundi alibaki amesimama na rimoti mkononi. Hakujua aketi au atoke. Alifika mlangoni, akarudi. Akafika dirishani, na safari hii hakuligusa pazia. Ndipo alipoona jambo lililomshtua kuliko yote. Runinga ilikuwa inaendelea. Treni imeshaondoka, dereva anatembea kwenye theluji, anafika nyumbani, anafungua mlango, anaweka vikombe viwili mezani. Watu wengine wakatokea ambao Fundi hakuwahi kuwaona. Mama mmoja mwenye kikapu. Kijana mwenye baiskeli.

"Mbona haijaisha?" aliuliza.

Binti aliinamia sinia la chai.

"Nakuuliza, mama. Mama yako alisema imeisha pale. Hawa wametoka wapi?"

Akairudisha. Treni ikarudi kinyumenyume stesheni, kioo kikapanda, kikashuka. Fundi aliishika rimoti kwa mikono miwili kama mtu anayelenga, akabonyeza. Picha ikasimama. Mwanamke wa kwenye treni alibaki kinywa wazi, na chini yake neno limetulia, halina pa kukimbilia.

Alipiga magoti mbele ya runinga. Akaweka kidole kwenye kioo. Kidole chake chenye kovu la msumari kilianza safari.

"U," alisema. Akasogea. "S. I. Usi." Akasogea tena. "Ni. Usini. Su… bi… ri."

Alirudi mwanzo, akasoma tena, kana kwamba herufi tatu zile huenda zilibandikwa tu na zinaweza kubanduka. Hazikubanduka.

"Baba," binti alisema nyuma yake. Alikuwa analia. "Baba, nisamehe."

"Ulikuwepo siku ile."

"Nilikaa pale kwenye kigoda. Niliona maandishi, nikamsikia mama anasoma kingine. Nikamtazama. Akanikonyeza."

"Akakukonyeza!"

"Baadaye nilimwuliza. Akasema, baba yako akilisikia neno hilo atajua namuaga, na mimi siko tayari kuagana. Halafu akacheka kidogo, akasema, na kuna wanawake wengi mjini. Mimi sijui, baba. Labda ni lile la kwanza. Labda la pili. Labda yote mawili. Na leo nilipomwona huyu amekaa pale na gauni lake… nikaona nikisema ukweli, mama anatoka ndani ya nyumba."

Fundi aliendelea kupiga magoti. Kitu kilikuwa kinampanda kifuani, akadhani ni hasira, akajiandaa kuipokea, maana hasira alizizoea. Lakini hii haikuwa na mtu wa kumpelekea. Hapakuwa na ufunguo uliofichwa, hapakuwa na kikao. Alikuwepo mkewe tu, mgonjwa, mwenye wivu, mwenye mapenzi, anadanganya mchana kweupe huku anakonyeza mtoto.

"Mwanamke yule!" alisema, na alipofungua mdomo kilitoka kicheko. Kikamtoka na machozi yakiwa nyuma yake, hata binti akaogopa. "Miaka yote hii! Mimi naugulia benchini, kumbe mwenzangu ameniambia imeisha ili alale!"

Binti naye akacheka akilia. Wakashikana pale sakafuni, mbele ya mwanamke aliyeganda kinywa wazi.

"Ungekuwa wewe uliyetangulia," binti alisema, "ungetaka mama akae anakusubiri?"

Fundi alitazama ncha ile ya kochi. Kitambaa kilikuwa bado kimebonyea alipokaa mtu.

"Atapigiwa simu jioni hii," binti alisema, akijipangusa kwa mgongo wa mkono. Alisita, kama anayeonja chakula asichokijua. "Mkimbilie mama mdogo, baba. Jua linashuka."

Fundi alitoka. Hakukumbuka kubadili shati. Mtaa ulikuwa na watu wa Jumapili, wanaotembea kama hawana wanakokwenda, na kila mmoja alikuwa mbele yake. Muuza viatu akamwita, "Meneja, unafukuzwa na nani?" Akampita. Alipita duka la dawa, akapita ukuta wa shule, moyo unapiga kama nyundo isiyo na fundi. Maneno aliyoyatunga njiani yalikuwa mazuri, marefu, ya kufaa filamu. Kila kona moja lilidondoka, na alipofika kwenye lango la nyumba aliyopanga Sindano, hakuwa amebaki nalo hata moja.

Sindano alikuwa barazani, anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi lililo wazi. Gauni la bluu alikuwa bado nalo mwilini. Alimwona, akaendelea kukunja blauzi ambayo ilikwisha kukunjwa.

"Umesahau nini kwangu?"

Fundi aliinama akihema. Macho ya Sindano yakashuka mkononi mwake, na pembe ya mdomo ikamcheza.

"Hiyo rimoti ni ya kunisimamisha mimi?"

Fundi alitazama mkono wake. Kweli, alikuwa amekuja nayo mtaa mzima.

"Nimelisoma," alisema. "Mwenyewe. Nimelisimamisha nikalisoma. Lina herufi tatu mwanzoni ambazo sikuwahi kuziona. Mwanangu alidanganya, na mama yake alinidanganya, na mimi… mimi nimekutukana kwa ajili ya mkia wa neno."

"Mh."

"Nisamehe, Sindano."

"Hebu nisimulie," alisema, akiweka blauzi kando. "Kama unavyosimulia Jumatatu. Filamu hii, wa kulaumiwa ni nani?"

Fundi alifikiri. Hospitali ilipita kichwani mwake, na shuka safi, na ufunguo. Yule mkubwa alikuwa bado na deni lake, na hatasamehewa. Lakini hakuwa mkubwa aliyemnyamazisha dirishani mchana huu, akichezea pazia.

"Mimi," alisema.

"Kwa hiyo meneja safari hii ni wewe kweli."

"Ni mimi."

"Haya. Meneja akiwepo, mambo yanasainiwa. Unataka nini?"

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya nguo, ndani ya begi, ikitetemeka kati ya blauzi. Wote wawili waliitazama. Sindano aliichukua lakini hakuipokea. Macho yake yalikuwa kwa Fundi, na humo hamkuwa na utani hata wa kulamba.

"Usi…" Fundi alianza. Akajaribu tena. "Usi…"

Simu ililia.

"Usi nini, Fundi? Maandishi yako nayo yanakimbia? Mimi nasoma haraka, lakini hili huwezi kuniachia nijitungie."

Alishika nguzo ya baraza. Alilitembea neno lile kama kidole chake kilivyotembea kwenye kioo, herufi kwa herufi, bila kuruka hata moja.

"Usiende."

Sindano alifumba macho, akayafumbua. Aliketi juu ya begi lake, likajifunga lenyewe kwa uzito. Kisha akaipokea simu, na wakati anaongea alinyoosha mkono wa pili, akaichukua rimoti kutoka kwenye kiganja cha Fundi, akaiweka mapajani kama kitu cha nyumbani.

"Kaka? Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nimepata jibu." Alimtazama Fundi machoni. "Usinisubiri."